Gari Likikufia Njiani Mbali na Nyumbani: Mwongozo Kamili

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina zaidi ya kilomita 800, na kipande chake kinachozichosha injini kuliko vyote ni mlima Kitonga, baada ya kuipita Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula na Iringa. Msimu wa sikukuu hukosi kuona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti iko wazi, na familia imekaa juu ya mabegi. Mara nyingi kilicholisimamisha ni kitu kidogo: hosi ya maji iliyopasuka, feni isiyozunguka, kifuniko cha rejeta kilichochoka. Kitu hicho kidogo huzaa bili ya mamilioni kwa sababu ya maamuzi ya saa moja ya kwanza, pale dereva anapojilazimisha "tufike tu mjini", au anapomkabidhi gari mtu wa kwanza anayetokea na spana mkononi.

Ushauri wangu wote hapa unasimama juu ya jambo moja: safari ya watu na safari ya gari ni safari mbili. Zitenganishe mapema. Ukishahakikisha mama, watoto na mizigo wanafika wanakokwenda kwa njia nyingine, unabaki na tatizo la chuma na fedha, nalo linaweza kusubiri hadi kesho. Anayefanya uamuzi wa injini huku mtoto analia njaa na jua linazama hulipa bei yoyote anayotajiwa.

Hatua ya 1: Zima injini kabla haijajizima

Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likiwa linatembea, usitafute mahali pazuri pa kusimama. Toka barabarani na uzime papo hapo. Injini isiyo na msukumo wa oili husagika ndani ya muda mfupi sana, na kutoka hapo hakuna fundi atakayeiokoa kwa bei nafuu.

Joto linakupa nafasi kidogo zaidi, lakini si kubwa. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoyaendesha hayana sindano ya joto. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu inayowaka hali ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo nyekundu ikitokea, jua umechelewa tayari. Zima kiyoyozi, fungulia hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi ya juu ili ivute joto kutoka kwenye injini, kisha tafuta pa kuegesha ndani ya mita chache zijazo, si kijiji kijacho.

Wenye sindano nao wana mtego wao. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki kwenye hewa na sindano inaweza kushuka. Dereva hufurahi kwamba gari limepoa, akaongeza mwendo, na hapo ndipo injini hufa. Sindano iliyopanda kisha ikashuka ghafla bila wewe kupumzisha gari ni amri ya kusimama.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuishika hosi ya juu kwa mkono bila kuungua. Maji yaliyo chini ya msukumo huruka yakichemka, na watu wameungua uso kwa haraka hii. Wala usimwagie injini maji baridi kwa nje au kuyajaza ndani ikiwa bado ya moto, kwani chuma chenye joto kikipata ubaridi wa ghafla hupasuka.

Hatua ya 2: Watu wawe mbali na lami

Washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma ya gari hatua 50 hadi 100, na kama umesimama baada ya kona, iweke kabla ya kona, mahali ambapo dereva wa lori bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Matawi ya miti husaidia kuongeza onyo. Mawe ukiyatumia kuzuia magurudumu, yaondoe unapoondoka. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linaua mwendesha pikipiki.

Abiria wote wakae nje ya barabara, upande ambao gari likigongwa halitawaangukia. Hakuna anayebaki kulala kiti cha nyuma.

Ukikwamia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza takribani kilomita 50 za mbuga, kanuni inageuka: kaeni ndani, pandisheni vioo, na omba msaada kwa simu au kwa dereva anayepita. Hakuna kushuka kuangalia injini, hata mkiwaona swala tu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ukipata askari wa usalama barabarani, mweleze mapema kwamba gari limeharibika na litabaki hapo kwa muda gani.

Hatua ya 3: Soma dalili na uziandike

Ukiwa umesubiri injini ipoe, kazi yako ni kuangalia, si kutengeneza. Chukua simu, piga picha na video. Rekodi namba ya kilomita, taa zilizowaka kwenye dashibodi, mahali maji yanapovujia, na mlio kama upo. Kisha angalia mambo haya:

- Chomoa kijiti cha oili na fungua kifuniko cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.
- Jaza maji injini ikiwa imepoa, kisha fundi au mwenzako aiwashe kwa sekunde chache huku wewe ukiangalia mdomo wa rejeta. Mapovu yakitoka mfululizo, moshi wa mwako unapenya kwenye njia ya maji.
- Moshi mweupe mzito kwenye ekzosi usiokwisha hata injini ikipata moto, pamoja na maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja, ni dalili kubwa ya kuungua kwa gasketi ya hedi, yaani kiziba kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake (hedi).
- Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida unapopiga starta na haiwaki, shuku mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, umekatika. Usiendelee kupiga starta. Kwenye injini ambazo vali na pistoni hugongana, kila mzunguko unapinda vali nyingine.

Hili la mwisho linategemea injini yako. Injini ya aina ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota nyingi ndogo, hutumia cheni, kwa hiyo usikubali kuuziwa mkanda wa taimingi. Injini za dizeli kama 5L na 1KZ-TE hutumia mkanda. Hiyo 1KZ-TE, iliyomo kwenye Prado na Surf nyingi za zamani, inajulikana pia kwa hedi kupasuka ikizidiwa na joto, hivyo kwake kubadilisha gasketi bila kupima nyufa ni kutupa fedha.

Sasa mpigie fundi wako wa nyumbani. Usimwambie "gari limezima". Mpe mtiririko: "Fundi, nilikuwa napanda Kitonga, kiyoyozi kimewaka, taa nyekundu ikatokea, nikaendesha kama dakika mbili nikazima. Maji yalikuwa yameisha. Oili ni safi, haijachanganyika. Video nimekutumia WhatsApp." Kwa maelezo hayo fundi mzuri anaweza kukwambia kama unahitaji hosi ya bei ya soda au uanze kutafuta gari la kuvuta. Mwombe pia abaki hewani siku hiyo, maana utamrudia.

Hatua ya 4: Watu waondoke

Kama ndani ya saa moja haijajulikana kwamba tatizo ni dogo na spea ipo, familia ipande basi. Barabara kuu zina mabasi mengi, na kondakta akielezwa hali atatafuta nafasi hadi mji unaofuata. Abaki dereva na mtu mzima mmoja wa kumsaidia. Wanaoondoka waondoke na vitu vya thamani, kompyuta, nyaraka na fedha ambazo hazitahitajika.

Najua ugumu wake. Wazazi wengi huona kuvunja msafara ni kushindwa, hasa kama ni safari ya msiba au harusi na ndugu wanasubiri. Lakini angalia hesabu: nauli ya watu wanne ni ndogo kuliko kiasi utakachoongezewa na fundi anayeona una watoto na huna pa kwenda.

Hatua ya 5: Kuliondoa gari barabarani

Hapa ndipo magari mengi yenye gia za otomatiki huuawa mara ya pili. Giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi mafuta, na magurudumu yakizunguka vyuma vya ndani husagana bila ulainisho. Ukiburuzwa kwa kamba kilomita 60 unaweza kufika gereji ukiwa na matatizo mawili badala ya moja. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. Linaloendeshwa kwa yote manne lipandishwe lote juu ya gari la kubebea. La gia za kawaida likiwa huru linavumilia kamba zaidi, ila kwa mwendo mdogo na umbali mfupi.

Anayeshika usukani wa gari linalovutwa lazima awe dereva. Injini ikiwa imezimwa usukani huwa mzito na breki hudai mguu wa nguvu. Ufunguo uwe umefunguliwa ili usukani usijifunge. Usivutwe usiku, na usivutwe kuteremka mlima kwa kamba.

Bei ya kuvuta ikubaliwe kabla ndoano haijafungwa, ikitajwa kuanzia wapi hadi wapi, na kama kusubiri kunalipiwa. Tuma ujumbe wa simu wenye bei hiyo na umwombe ajibu "sawa". Jibu hilo litakusaidia akibadili lugha mbele ya gereji.

Kwa umbali mrefu ipo njia nyingine. Malori yanayotoka Tunduma kurudi Dar es Salaam wakati mwingine hurudi matupu, na wenye gereji za njiani huwajua madereva wanaokubali kupakia gari dogo kwa kulirudisha nyuma kwenye gema lililo sawa na kimo cha bodi. Hutoka nafuu kuliko gari maalumu la kuvuta, lakini uwepo wakati wa kupakia, magurudumu yafungwe kwa mikanda, na upate jina la dereva, namba ya lori na simu ya mmiliki. Zungumza na mmiliki mwenyewe, usiishie kwa dereva.

Kuhusu bima: bima ndogo haikusaidii kwenye ubovu wa injini, na bima kubwa kwa kawaida hulipa ajali, moto na wizi, si kuchakaa wala hitilafu ya mitambo. Piga simu hata hivyo, kwa sababu baadhi ya mikataba ina huduma ya kuvuta gari ambayo wateja hawaijui.

Hatua ya 6: Mahali pa kulilaza gari, na fundi

Likifika mjini jioni, lisilale gereji isiyo na uzio. Gesti yenye geti na mlinzi, au eneo la kituo cha polisi kwa ruhusa ya mkuu wa zamu, ni bora. Kabla hujaondoka piga picha za betri, tairi la akiba, jeki, redio, taa, na namba za betri na tairi zikionekana. Andika kiwango cha mafuta. Kadi ya gari usiiache ndani.

Fundi mtafute kupitia watu wasio na faida ya moja kwa moja: madereva wa teksi wanaotumia gari kama lako, msimamizi wa kituo cha mafuta, muuza spea, jamaa anayeishi mji huo. Uliza "nani anatengeneza Noah za hapa?", usiulize "nani fundi mzuri?". Swali la pili hujibiwa kwa undugu.

Muulize fundi mwenyewe atapimaje kabla ya kufungua. Anayesema "tufungue tuone" bila kupima mgandamizo wa silinda wala msukumo wa maji, mwepuke kama una pengine pa kwenda. Kazi ya gasketi ya hedi iliyofanywa vizuri ina mambo ambayo hayarukwi: hedi inapelekwa kwenye karakana ya mashine ikapimwe nyufa na unyoofu, inasawazishwa ikiwa imepinda, uso wa bloku unasafishwa na kupimwa, na bolti zinakazwa kwa mpangilio na kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwenye injini nyingi za kisasa bolti za hedi hutanuka zinapokazwa na hutakiwa kubadilishwa. Fundi akikaza kwa bomba refu na nguvu za kijana wake, gasketi mpya itaungua tena kabla hujafika nyumbani.

Kuna desturi nyingine ya kuikataa: kung'oa thamostati na kuitupa. Utaambiwa nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Thamostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kulishikilia hapo. Bila hiyo injini hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kupitia rejeta vya kutosha. Ikiwa imekwama, inunuliwe nyingine. Kuiondoa kwa siku moja ili gari lifike ni dharura inayoeleweka; kuiacha hivyo si matengenezo.

Hatua ya 7: Kutengeneza hapo au kulirudisha nyumbani

Chukua karatasi. Mfano huu ni wa kubuni, kuonyesha njia ya kuhesabu tu. Bei halisi ziulize siku hiyo. Kutengeneza ulipokwama: seti ya gasketi 250,000, karakana ya mashine 120,000, ufundi 300,000, oili na kulanti (maji maalumu ya rejeta) 150,000, kutuma spea 20,000, gesti siku mbili 80,000. Jumla ni shilingi 920,000. Kulirudisha: lori 700,000, kisha matengenezo yaleyale nyumbani, 820,000. Jumla 1,520,000.

Tofauti ni 600,000, na hiyo ndiyo bei ya kutengenezewa na mtu unayeweza kumrudia. Kwa kazi ya gasketi kwenye injini ya kawaida, mji kama Iringa, Mbeya au Dodoma una mafundi wa kutosha, na mimi ningetengeneza hapo. Kwa giaboksi ya otomatiki, mfumo wa umeme wa kompyuta, au pampu ya dizeli ya kisasa, ningelipa hiyo 600,000 bila kusitasita, kwa sababu kazi hizo zikikosewa hurudiwa kuanzia mwanzo.

Zipo nyakati ambapo injini nzima ya mtumba huwa nafuu kuliko kufufua iliyokufa. Kabla hujakubali, taka kuisikia ikiunguruma au upate dhamana ya maandishi, na udai risiti na hati ya mauzo. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ikibadilishwa, taarifa zirekebishwe TRA (Mamlaka ya Mapato). Injini isiyo na karatasi ni kesi inayokusubiri.

Hatua ya 8: Spea ije kwa basi

Usinunue spea kubwa kwa bei ya dharura kabla ya kuuliza Dar es Salaam. Maduka ya Kariakoo na Ilala yana vitu vingi, na mabasi hubeba vifurushi kila siku. Tangu yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, kifurushi cha jioni kinaweza kukukuta asubuhi. Mtu wako dukani apewe picha ya kibati cha namba ya chasi kilichomo ndani ya boneti, aina ya injini, na picha ya spea ya zamani pembeni ya rula. Jina la gari na mwaka havitoshi, kwa kuwa gari la jina moja huja na injini tofauti.

Fedha zipange mapema pia. Wakala wa mji mdogo anaweza kukosa salio la kutosha kukupa milioni moja kwa mkupuo, na miamala ya simu ina ukomo wa siku. Mlipe muuza spea moja kwa moja kwa simu, badala ya kutoa taslimu na kutembea nazo. Kuhusu mikopo ya haraka ya simu, iache iwe ya mwisho. Kuchangisha kwa ndugu kwa uwazi, ukiwaonyesha picha na makadirio ya fundi, ni heshima zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 9: Andikianeni

Nusu ukurasa unatosha, na fundi mwaminifu hatachukia:

"Mimi, mmiliki wa gari namba fulani, nimekubaliana na fundi fulani wa gereji fulani kubadilisha gasketi ya hedi. Spea nitanunua mwenyewe. Ufundi ni shilingi fulani, nusu injini ikishafungwa, nusu baada ya kujaribiwa barabarani. Hedi ipimwe nyufa na unyoofu, na karatasi ya karakana nipewe. Spea za zamani zote nirudishiwe. Kazi yoyote ya ziada ifanyike baada ya mimi kukubali kwa simu. Gari likirudia tatizo hilohilo ndani ya siku 30, ufundi ni bure."

Sahihi mbili, tarehe, na shahidi mmoja, ikiwezekana mwenye gereji. Sharti la spea za zamani ndilo lenye nguvu kuliko yote: linakuonyesha kilichoharibika kweli, na linazuia kulipia kitu ambacho hakikubadilishwa. Fedha ya awali iwe ya vifaa, kamwe isiwe ya ufundi wote.

Kama huwezi kukaa, mwachie jamaa wa hapo mji kazi ya kupita mara moja kwa siku na kupiga picha. Gari lisilotembelewa hukaa wiki tatu.

Hatua ya 10: Jaribio, na kurudi

Kuzunguka gereji si jaribio. Endesha kilomita 30 au 40 ukiwa na fundi ndani, pawe na mlima, kiyoyozi kikiwaka, kisha simama injini ikiunguruma kwa dakika 15 uone feni inawaka na kuzima. Rudi, acha ipoe kabisa, pima maji na oili. Vikiwa palepale, malizia malipo na uchukue risiti.

Safari ya kurudi ianze asubuhi, siku ya kazi, ili ukikwama tena maduka yawe wazi. Beba lita kumi za maji, oili ya lita moja, hosi ya akiba na vibano vyake. Simama kila baada ya saa moja kwa siku hiyo, uangalie chini ya gari na kwenye chupa ya akiba ya maji, bila kufungua rejeta ya moto. Ukiteremka Kitonga tumia gia ndogo ili breki zisichemke. Ukifika, mpe fundi wako wa nyumbani spea za zamani na karatasi ya karakana azikague, na oili ibadilishwe baada ya kilomita 1,000, mapema zaidi kama maji yalikuwa yameingia kwenye oili.